Mgeuko Ambao Condy Hakuupiga

Meenbrack, Donegal
8 Oktoba 1956

Kwa wahusika wa nyumba ya marehemu Owen Breslin, mpiga fidla, Glenarva

Waheshimiwa,

Kwa adabu inayostahili watu nisiowajua, mimi niliyetia saini hapa chini, mtengeneza barabara wa kaunti, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ninafika mbele yenu kwa kalamu kwa kuwa kwa miguu siwezi. Ili msidhani mnaandikiwa na mtu wa ovyo, ninaomba kueleza kwamba, ingawa niliacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, ndimi ninayewaandikia majirani maombi yao yote, na kwamba daraja la Meenbrack limejengwa kwa nguvu ya barua tatu, zote za mkono wangu.

Baba yangu, Condy Gildea, alipatwa na kiharusi mwezi Agosti. Upande wake wa kulia umekufa na ulimi wake umefungwa. Mkono wa kushoto peke yake ndio uliobaki hai. Kila alasiri, vikombe vya chai vikishaondolewa, vidole vya mkono huo huanza kucheza juu ya blanketi. Mimi nilidhani ni kutetemeka. Ni Mwalimu Tully wa shule yetu, ambaye hupiga fidla kidogo, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi akasema, "Eunan, acha kumfunika mikono. Huyo anapiga fidla."

Nilimcheka usoni. Tangu nizaliwe hapajawahi kuwa na fidla nyumbani kwetu, na muziki ulipoanza kwa jirani baba alikuwa akitoka kwenda kutazama ng'ombe. Hata hivyo nilimpa mpini wa sepetu niliouchorea mistari minne ya chaki badala ya nyuzi, naye akaupokea kama mtu anayerudishiwa mali yake. Tangu siku hiyo nimeandika kila kidole kinapogusa na kila mstari unaoguswa. Sifuri ni uzi ulioachwa wazi. Namba hizo nimezifunga pamoja na barua hii.

Yapo mambo mawili yanayonikosesha usingizi. Mosi, Mwalimu alizipiga namba hizo kwenye fidla yake, zikatoa sauti ya paka aliyebanwa na lango. Pili, na hili ndilo zito, baba hufika mahali pamoja na kusimama. Kidole cha pili hubaki hewani. Machozi humtoka, kisha huanza tena toka mwanzo, hata mara thelathini kwa alasiri moja, mpaka shati limlowe. Mwalimu anasema kwamba wimbo wa fidla una nusu mbili, na kwamba baba ameipoteza ya pili, ile ambayo wapigaji huiita mgeuko. Daktari anasema kwamba moyo wake hautavumilia mahangaiko haya hadi Krismasi.

Nilimtajia baba majina ya wapigaji wa zamani, mmoja baada ya mwingine. Kwa jina la Owen Breslin peke yake ndipo alipofumba macho.

Kwa sababu hizo ninaomba, bila kujidhalilisha na bila kujikweza, mnipatie mgeuko wa wimbo huo, ili mzee wangu aumalize na apumzike.

Mwombaji wenu mwenye staha,
Eunan Gildea


Glenarva
15 Oktoba 1956

Kwa Eunan Gildea,

Kaka yangu Phelim hajui kusoma wala hashiki kalamu. Anasema yeye, ninaandika mimi, dada yake Hanna, neno kwa neno kama alivyoniamuru.

"Mwandikie hivi. Kumbe Condy Nusu bado anavuta pumzi! Muulize kijana wake kama anajua baba yake aliitwa Nusu kwa nini. Hajui, eti? Basi ajue leo, na asome kwa sauti mzee asikie. Wimbo huo ni Ndama Mwanyani, yaani ndama wa kwenye mwanya wa ua, aliutunga baba yetu. Nusu ya kwanza aliipiga popote penye kiti na kikombe. Mgeuko aliupiga peke yake chumbani, komeo limetiwa. Hata mimi mwanawe hakunipa. Condy alikuwa akimfuatia baba kwa fidla ya pili, sauti ya chini, amekula viazi vyetu miaka mitano. Siku ya mnada wa ng'ombe, mwaka wa kumi na moja wa karne hii, akalewa sifa mjini, akasema wimbo wa Owen anao wote. Wote! Baba akamleta hapa jikoni, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, akampa fidla. 'Haya bwana mkubwa, upige wote.' Akapiga nusu, akaweka upinde chini. 'Nilijisifu tu,' anasema. 'Nina nusu.' Hanna, umeandika hapo? Watu walicheka hadi mama mmoja akamwaga chai mapajani. Akatoka hata kofia hakuchukua. Baba alizikwa na mgeuko wake mwaka wa thelathini na nane. Alichokikosa Condy akiwa na miguu miwili hatakipata akiwa kitandani. Mwambie alale. Basi, tia sahihi yangu."

Phelim Breslin

(Chini, kwa penseli)
Mwalimu wako apandishe sauti ya nyuzi mbili nene, kila moja hatua moja, kabla ya kuzitukana namba. Kwa wimbo huu tu ndivyo walivyofanya. Usilijibu neno hili.


Meenbrack
20 Oktoba 1956

Bi Hanna Breslin,

Ninawajibika kukushukuru kwa maelekezo yako ya penseli. Najua uliagiza yasijibiwe. Lakini mimi sijawahi kupokea fadhila nikanyamaza, na sitaanza katika mwaka huu.

Mwalimu alizipandisha nyuzi mbili nene kama ulivyosema. Bi Hanna, sauti ya paka iliondoka. Ulitoka wimbo. Sina elimu ya kuusifu, ila mama Gallen, jirani anayekaa na baba nikiwa kazini, aliweka chini ndoo ya mboji kavu ya kuwasha aliyokuwa akileta motoni akasahau kilichomleta. Baba aligeuza uso akamtazama Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Mkono wake ukawa unakwenda sambamba na wa Mwalimu, hatua kwa hatua, hadi mahali pale. Hapo akasimama. Akaupiga ukuta kwa mpini.

Kuhusu jina la Nusu: shuleni walinifuata nalo barabara nzima. "Nusu! Eti nyumbani kwenu mnakula nusu ya yai?" Nilidhani ni kwa sababu shamba letu liligawanywa. Nilipigana mara nyingi kwa ajili ya shamba hilo. Sasa ninaelewa kwamba nilipigania jambo jingine, na kwamba baba yangu alikuwa mwongo mbele ya umati. Ni uchungu kuujua ukweli huo katika umri huu, lakini siufichi.

Hata hivyo, aliyejua siri ya nyuzi bila shaka anajua na zaidi. Ninarudia ombi langu la tarehe nane: mgeuko.

Wako kwa utiifu,
Eunan Gildea


Glenarva
26 Oktoba 1956

Eunan,

Wewe mtu una akili gani? Nilikuambia usijibu. Barua yako ililetwa Phelim akiwa mezani, kijiko mkononi. "Nisomee," akasema. Basi nimesimama jikoni kwetu nikamsomea kwa sauti barua ambayo hukuiandika. Nimemsomea kwamba Eunan Gildea anaomba radhi kwa usumbufu na anauliza bei ya ndama huku kwetu. Phelim akasema, "Ndama! Mwambie anunue nusu," akacheka hadi akakohoa.

Kama kuna jambo la lazima, andika kwa jina la Bi Sweeney wa dukani, naye atanipa nikienda kununua majani ya chai. Lakini hakuna jambo la lazima. Nyuzi nilizijua kwa sababu nilikuwa mtoto wa nyumba hiyo na nina macho. Mgeuko ulikwenda kaburini. Phelim alikuambia.

Usimwite baba yako mwongo. Hilo tu.

Hanna


Meenbrack
10 Novemba 1956

Bi Hanna Breslin, kwa hisani ya Bi Sweeney

Bibi,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara ninaishia kwenye sentensi moja. Kaka yako anasema baba alijisifu kwa kitu asichokuwa nacho. Wewe unasema nisimwite mwongo. Maneno haya mawili hayawezi kulala kitanda kimoja. Mmoja wenu anaficha, na siamini kwamba ni yule aliyetoa yote aliyonayo kwa kelele.

Ninakuarifu hali ilivyo, kwa mpangilio. Tangu Jumatatu baba hali chakula. Uji wa shayiri humtoka mdomoni. Vidole haviachi; huanza sasa asubuhi, na kidole cha pili kimechubuka kwa mpini. Jumatano nilimnyang'anya mpini huo kwa kumhurumia, akalia kwa sauti ambayo mama Gallen aliisikia kutoka kisimani. "Mrudishie, wewe jiwe!" alinifokea. "Unamnyima mtu pumzi?" Nikamrudishia. Daktari alipotoka hakuzungumza nami ndani. Aliniita nje, karibu na baiskeli yake. "Wiki mbili, Eunan," akasema. "Labda tatu, akitulia. Hatulii."

Nimekuwa mpole katika barua zote zilizotangulia kwa sababu nilijifunza kwamba upole hujenga madaraja. Leo naweka upole pembeni. Jumapili ya tarehe kumi na nane, baada ya Misa, nitapanda baiskeli kuvuka mlima, nitasimama langoni kwenu, nami nitamuuliza Phelim Breslin kwa sauti, mbele ya wanaotoka kanisani, ni nani katika nyumba yake aliyejua kwamba nyuzi mbili nene hupandishwa. Sitaki kufanya hivyo. Nitafanya.

Eunan Gildea


Glenarva
14 Novemba 1956

Eunan, mwanangu,

Usije. Baki na baba yako. Ninakuandikia nikiwa kaunta ya Bi Sweeney, amenipa kiti na kunigeuzia mgongo.

Baba yako hakupoteza kitu chochote. Mmekosea, wewe na mwalimu wako. Mgeuko anao. Alikuwa nao siku ile jikoni kwetu, mzima, toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyempa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Zizi la ng'ombe wetu limeshikana ukuta na chumba cha baba. Aliweka komeo mlangoni, hakukumbuka ukuta. Nilikuwa nikikamua, kichwa ubavuni mwa ng'ombe, nikausikia asubuhi baada ya asubuhi mpaka ukawa wangu. Sikuwa na fidla, wasichana hawakupewa. Lakini mdomo ninao. Condy alipokuja kutusaidia kukata mboji ya kuwasha nilimwimbia bila maneno, didli-didli-dam, kule kwenye mashimo ya mboji, upepo ukivuma. Alikaa chini. Akasema, "Hanna, rudia." Nikarudia siku tatu. Sijawahi kusikilizwa na mtu namna ile, kabla wala baadaye.

Kisha mnada. Ni kweli alisema anao wote. Alikuwa kijana, alifurahi, ulimi ukateleza. Phelim alikusimulia vicheko. Hakukusimulia alichosema baba kabla ya vicheko, kwa sababu yeye alikuwa kwenye ngazi, mimi nilikuwa nyuma ya mlango unaotoka jikoni kwenda zizini. Baba alimwambia Condy polepole kabisa, "Ukiupiga, nitajua kuna mtu wa nyumba hii aliyetega sikio ukutani. Na nitajua ni nani kabla hujavuka kizingiti." Akafungua mkanda wake, akauweka mezani pembeni ya mkate.

Condy akapiga nusu ya kwanza. Mikono yake ilikuwa mizuri, Eunan. Akafika mahali pale, kidole cha pili kimeinuka, macho yake yakaja mlangoni. Aliniona kwenye ufa. Akaweka upinde chini akasema, "Nilijisifu tu. Nina nusu."

Alijua wataanza kumwita nini. Watu wetu hawasahau jina la namna hiyo.

Baba akiwa hai niliuogopa mkanda. Alipokufa nilimwogopa Phelim, maana hana urithi mwingine ila kisa hicho. Kila mgeni hukisikia. Kila mwaka nilisema nitakwenda Meenbrack. Sikujua kwamba aliacha kupiga kabisa. Wewe ndiye uliyeniambia, katika barua yako ya kwanza, pale uliposema hapakuwa na fidla nyumbani kwenu. Nilimwandikia Phelim matusi yake yote nikiwa nimelijua hilo.

Siwezi kukutumia mgeuko. Baada ya siku ile sikuimba tena, nao umenitoka kama maziwa kwenye ndoo iliyotoboka. Nimebakiwa na hatua nne za mwanzo. Hakuna mwenye wimbo ule duniani ila huyo unayemlisha uji. Anasimama kwa sababu bado nipo nyuma ya mlango.

Mwambie maneno haya sikioni, na nakuomba usiyapambe: "Hanna wa Owen anasema mkanda umezikwa pamoja na mwenyewe. Piga."

Jumapili nitamwambia Phelim. Nimeandika, sasa siwezi kurudi nyuma.

Hanna


Meenbrack
24 Novemba 1956

Bi Hanna,

Barua yako ilifika Ijumaa ya tarehe kumi na sita. Ninakiri kwamba nilikuwa nimeandaa utangulizi. Nilisimama kando ya kitanda nao mkononi, mistari sita, kisha nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikainama nikamwambia maneno yako yalivyo.

Alinitazama kwa muda wa birika kuchemka. Nilidhani hakusikia. Mama Gallen akasema kutoka motoni, "Mwambie tena, kwa nguvu," nami nikamjibu anyamaze. Baba akauvuta mpini kifuani.

Alianza. Alifika mahali pale. Kidole cha pili kikainuka kama kawaida, kikakaa hewani, nami nikawa nimeshika penseli tayari.

Kilishuka, Bi Hanna. Kilishuka kwenye uzi wa tatu, na baada yake vikaja vingine mbio hata sikuweza kuviandika. Alipofika mwisho aliona karatasi yangu iko tupu. Basi akarudia, polepole. Nikakosea. Akagonga mpini kwa ukucha, akarudia mara ya tatu, kidole baada ya kidole, akinisubiri, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. Katika maisha yetu yote hatukuwahi kukaa hivyo. Kisha akauweka mpini chini mwenyewe na kwa mkono uleule akaonyesha yai lililokuwa mezani. Akalila lote. Mama Gallen akasema, "Hiyo si nusu, Condy," na mdomo wa baba, upande ulio hai, ukacheka.

Hakupiga tena baada ya hapo. Mkono ulilala juu ya blanketi kama mkono wa mtu yeyote. Alifariki Jumatano ya tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi, ametulia, na tulimzika jana.

Mwalimu Tully aliomba aupige wimbo wote makaburini. Nilimkataa. Nilimwambia kwamba wimbo huu una mlango, na kwamba funguo si zangu. Alipiga nusu ya kwanza, akasimama pale alipokuwa akisimama baba, akashusha upinde. Walikuwapo wazee waliolijua jina lile. Hakuna aliyecheka.

Mgeuko umo ndani ya barua hii, umeandikwa kwa wino, nimeuhakiki mara nne. Sikuja kwenu kuomba kitu mlichonacho. Nilikuwa ninaomba kitu kilichokuwa chumbani kwangu. Ninaurudisha ulikotoka. Barua hii naiandika kwa jina lako na kwa anwani ya nyumba, si ya duka, kwa kuwa nadhani wakati wa duka umepita. Ikiwa nimekosea, unisamehe.

Nilikuita mfichaji. Nililifuta neno hilo moyoni. Naomba ulifute na kwenye karatasi.

Mwana wa Condy Gildea,
Eunan


Glenarva
2 Desemba 1956

Eunan,

Pole, mwanangu. Pole sana. Nimemwashia mshumaa.

Nilimwambia Phelim Jumapili ile, kama nilivyosema. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia, akaenda kwa kondoo. Hakunisemesha wiki mbili. Nilimwekea chakula, akala, akatoka. Barua yako ilipokuja aliiona, akaniacha niitie nyuma ya saa bila kuuliza.

Leo baada ya Misa amepanda kwenye kiti akashusha fidla ya baba ukutani. Imekaa pale miaka kumi na minane. Amebadilisha nyuzi, sijui alizinunua lini. Amezipandisha zile mbili nene, hatua moja moja, sikio limeinama. Kisha akavuta kiti mezani, pale ulipowekwa mkanda, akanisogezea barua yako.

"Nisomee hizo namba," akasema. "Na safari hii, Hanna, soma kilichoandikwa."

Nimemsomea.

Hanna